Msumari wa Picha ya Nne

Nimeuza misumari kwa miaka mingi katika duka langu la vifaa vya ujenzi pale Mwanza, na mtu akinieleza anachotaka kutundika nitampa msumari wake bila kufikiri. Wa kalenda huu mwembamba, wa kioo ule, na wa picha ya arusi ule mnene, kwa sababu fremu za arusi siku hizi ni nzito kuliko ndoa zenyewe. Lakini msumari ninaoujua kuliko yote sikuuuza mimi. Ulikuwa ukutani sebuleni kwa Ta Zakaria, kule Nyanga, Bukoba, upande wa kulia wa picha tatu zilizopangwa mstari, na haukuwa umeshika kitu. Mwezi uliopita Josia, mtoto mkubwa wa nyumba ile, alinipigia simu. Hakunisalimu. Alisema, "Kemilembe, Ma amepumzika. Tunazika Jumamosi." Nikafunga duka, nikapanda basi, na njia nzima, tangu Geita mpaka tunaingia Muleba, nilitaka kuuona uso wa mama yake, Ma Eliseba, nikashindwa. Kilichokuja machoni ni ule msumari mtupu, na nikalia kwa sababu yake mpaka abiria wa pembeni akanipa kitambaa chake.

Nilikaa katika nyumba ile mwaka mmoja tu, nikiwa msichana wa miaka kumi na sita. Nilitoka kwetu Kishanda kwenda kujifunza ushonaji kwa Ta Zakaria, aliyekuwa fundi cherehani siku za kazi na mwinjilisti wa Kilutheri siku ya Jumapili. Tulihusianaje naye, na nani alikuwa nani kwa baba yangu, ni habari ya ukoo, na habari za ukoo za Wahaya zikianza hazina kituo cha kushukia, kwa hiyo naziacha. Itoshe kusema kwamba kwetu mwanamume wa heshima huitwa Ta na mwanamke huitwa Ma, na kwamba mimi niliwaita hivyo siku ya kwanza kwa adabu, na kabla ya mwezi kuisha nilikuwa nawaita hivyo kwa sababu niliwataka wawe wangu. Sijui kama mtu anaruhusiwa kutamani wazazi wa wenzake huku wa kwake wazima. Mimi nilitamani.

Sebule yao naweza kuichora hata sasa. Viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma mgongoni, cherehani karibu na dirisha, redio iliyofunikwa shuka kama mgonjwa, na harufu ya kahawa iliyoanikwa uani ikiingia na upepo. Kisha picha. Alizitoa bibi mmoja mmisionari Mmarekani alipokuwa anarudi kwao, maana mizigo yake ilikuwa imezidi. Zilikuwa za zamani sana, zimechapwa kwenye karatasi nzito na kupakwa rangi kwa mkono, na chini ya kila moja kulikuwa na mistari ya Kiingereza. Yule bibi alieleza kwamba huko kwao, enzi za mababu wa babu zake, wachuuzi walipita mlango kwa mlango wakiuza picha kama hizo, na kila mkulima alitundika sebuleni kwake mifano ya Yesu kama sisi tunavyotundika kalenda. Zile zilikuwa za mwana mpotevu. Na jambo lililowashangaza watu wa Nyanga ni kwamba ndani yake hapakuwa na kanzu hata moja wala ngamia. Mwana mpotevu alivaa koti lenye vifungo vya dhahabu na suruali ya kubana, na nyumba ya baba yake ilikuwa na ngazi na nguzo nyeupe. Aliyechora aliwavika watu wa Biblia nguo za majirani zake. Ta Zakaria hakuliona hilo kuwa kosa. "Wao wamemfanya wa kwao," alisema. "Na sisi tutamfanya wa kwetu."

Na kweli alimfanya wa kwetu. Jumapili alasiri watoto wa jirani walijaa sakafuni, naye akasimama na rula yake ndefu ya kupimia nguo akionyesha. Picha ya kwanza: baba amekaa mezani, kijana amesimama, kuna mfuko wa fedha kati yao. "Angalieni," alisema Ta Zakaria, "Mzungu anagawa urithi unaoingia mfukoni. Sisi tunagawa kibanja. Sasa niambieni, kibanja kina nini ndani yake?" Watoto wakapiga kelele: migomba, buni, maharage. "Na nini kingine?" Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Makaburi." Ta Zakaria akaitikia kwa kichwa, akasogeza rula kwenye picha ya pili. Hiyo ya pili ilikuwa ya karamu na wanawake waliovaa magauni yaliyokatwa chini sana shingoni, na Ma Eliseba alikuwa ameitundikia kitambaa cha kufuma juu ya fremu, kikining'inia mpaka kwenye shingo za wale wanawake. Matokeo yake hakuna mgeni aliyeingia sebuleni asiulize kilichofunikwa. Picha ya tatu ilikuwa kijana amekaa chini ya mti, peku, nguo zimeraruka, katikati ya nguruwe. Wamama waliokuja kupimwa magauni waliiangalia sana hiyo. Mmoja alisema, "Nguruwe wamenona hivi, si angeuza mmoja apate nauli?"

Baada ya picha ya tatu rula ilishushwa. Picha ya nne, ile ya kurudi, ilikuwepo, lakini haikutundikwa. Ta Zakaria alikuwa ameifunga ndani ya lubugo, kile kitambaa cha gome la mti ambacho wazee wetu walijifunika wakiwa hai na kuzikwa nacho, akaiweka chumbani kwake juu ya kabati. Msumari wake ulikuwa tayari. Nilipomuuliza mbona haitundiki, alijibu bila kuacha kukanyaga cherehani: "Picha ya kurudi katika nyumba ambayo hajarudi mtu ni uongo ukutani. Akija, nitaitundika mwenyewe." Ndiyo maana watoto wa Nyanga wa miaka ile waliijua robo tatu tu ya mfano ule. Kuna kijana, sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye aliulizwa na mchungaji siku ya kipaimara mwana mpotevu yuko wapi, akajibu kwa uhakika, "Bado yuko kwa nguruwe."

Aliyekuwa anangojwa ni Kamugisha, mdogo wake Josia. Aliomba fungu lake la kibanja baba akiwa hai, akapewa, akaliuza kwa mtu wa kuja, akaondoka. Kwetu mtu anaweza kunywa pombe mpaka azirai, anaweza kupiga, anaweza hata kubadili dhehebu, na bado watu wakamtetea. Lakini katika fungu lile lilikuwemo kaburi la babu yake. Mpaka mwaka ule ninaousimulia, Ta Zakaria akitaka kufyeka majani kwenye kaburi la baba yake mzazi, alikwenda kubisha hodi kwa jirani na panga mkononi, akiomba ruhusa. Nilikwenda naye mara kadhaa. Jirani alikuwa mtu mwema, alituruhusu kila mara, na wema wake ulizidisha aibu. Ta Zakaria alimshukuru akiwa ameinamisha kichwa, "Kasinge waitu," kisha tukarudi tukipita kando ya mpaka.

Mimi nililala katika chumba cha Kamugisha. Palikuwa na kitanda chake cha kamba, shati moja la bluu nyuma ya mlango, na jina lake alilolichonga kwa kisu kwenye fremu ya dirisha. Sikuwahi kumwona, hapakuwa na picha yake, kwa hiyo nilimpa sura ya kijana wa kwenye ukuta, nywele za mawimbi na mashavu yaliyopakwa wekundu. Mhaya mwenye mashavu mekundu! Sasa nacheka, lakini wakati ule nilimpenda, na nisizungushe maneno: nilimpenda kama msichana anavyompenda mtu ambaye hawezi kumkosea kwa sababu hayupo. Nilifua lile shati lake ingawa halikuwa chafu. Nilijua hata ningemwambia nini akija. Nimeolewa tangu hapo na mtu mzuri, nimemzika pia, na bado nikisikia harufu ya ile sabuni ya kipande tuliyofulia, ni shati la Kamugisha linalonijia kwanza.

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Ma Eliseba aliijua methali hiyo akaikataa. Kila jioni alipopakua ndizi na maharage, alichukua jani la mgomba, akalibabua juu ya moto mpaka likalainika, akafungia ndani yake fungu moja kubwa, akaliweka kando ya mafiga palipokuwa na jivu la moto. Hakusema ni la nani. Asubuhi, kabla sijakaa kwenye cherehani, aliniita jikoni: "Ija, mwana wange," njoo, mwanangu, akanifungulia. Ndizi zilizolala ndani ya jani zina ladha ambayo sijaipata tena katika sahani yoyote, moshi kidogo, utamu kidogo, na maharage yameingia ndani mpaka huwezi kuyatenganisha. Nilinawiri mwaka ule. Nilirudi Kishanda na mashavu, na mama yangu akasema Nyanga wanakula vizuri. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimekula fungu la mtu.

Jikoni kulikuwa na ukuta wa mianzi tu kati yake na chumba changu, kwa hiyo yaliyosemwa huko niliyasikia nikitaka nisitake. Asubuhi moja Josia alitoka shambani mapema, amelowa umande, akamkuta mama yake anafukua lile fungu kwenye jivu. Josia alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na ndiye aliyekuwa musika, yaani mrithi mkuu, atakayekaa kwenye kiti cha baba siku ikifika. Nilimsikia akisema, "Ma, huyu unamfungia kila siku. Mimi nikichelewa shambani, unanifungia?"

"Wewe huchelewi, bojo," alisema Ma Eliseba kwa upole, kwa neno letu la kubembelezea mtoto.

"Nikichelewa."

"Josia, wewe upo."

"Basi ndilo kosa langu. Kwamba nipo." Kisha nikasikia jembe likiegemezwa ukutani na Ma Eliseba akipuliza moto kwa muda mrefu, ingawa moto ulikuwa unawaka. Aliponiita nile asubuhi ile, Josia alikuwa bado amekaa kwenye kigoda. Nililifungua jani mbele yake, nikamkaribisha kwa adabu. Akasema ameshiba. Hakuwa ameshiba, alikuwa ametoka shambani.

Mvua za mwanzo wa mwaka zilipokatika, Ta Zakaria alinunua kitambaa cheusi kizito na kuanza kushona koti. Tulikuwa na kazi za watu zimerundikana, sare za shule na magauni ya kwaya, lakini alasiri moja katika kila wiki alizisukuma kando. Nilikuwa nimeshajua kukata, kwa hiyo niliona mara moja kwamba lile koti halikufuata mtindo wa mtu yeyote tuliyemjua. Mbele lilikuwa fupi, limeishia kiunoni, na nyuma lilikuwa refu limepasuliwa katikati kama mkia wa mbayuwayu. Kola yake ilisimama. Kila alipokwama aliinuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, kisha akatoka na kukata bila kusita. Nilidhani anasali, na nikashangaa Mungu anajua mambo ya kola. Wateja walimtania. "Ta Zakaria, koti limepasuka nyuma kabla hujalivaa!" Naye alijibu tu, "Subirini, waitu." Ma Eliseba peke yake hakutania. Alishona vifungo mwenyewe, jioni, akiwa amekaa mlangoni penye mwanga.

Kisha, msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, ulipoanza na watu wote wanatembea wakiangalia juu, akaja mfanyabiashara aliyetoka Mwanza. Alisema amemwona Kamugisha sokoni, amekonda, na kwamba amemwambia atapanda meli ya Ijumaa, ile inayofika Bukoba asubuhi ya Jumamosi. Sijawahi kuona nyumba ikibadilika namna ile. Ma Eliseba alifagia ua mpaka udongo ukabaki na michirizi ya ufagio. Nyasi mbichi zilitandikwa sebuleni kama zinavyotandikwa kwa mgeni mkubwa, na harufu yake ikaua harufu ya kahawa. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikamuliwa, hata kwa mwinjilisti, nayo ikaitwa juisi. Ta Zakaria aliushika ule msumari akautikisa kuona kama umelegea. Josia alikuwa mlangoni anatazama. "Tata," alimwuliza baba yake, "na mimi Jumamosi nikae wapi?" Ta Zakaria hakuelewa swali. Akasema, "Kaa popote, hapa ni kwako." Josia akaenda kukata migomba iliyoanguka, na siku hiyo ya Jumamosi alishinda shambani.

Kwa hiyo bandarini tulikwenda sisi wawili. Ta Zakaria amevaa lile koti kwa mara ya kwanza, na mimi nyuma yake nimebeba kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na viatu vyeusi vipya. Alikuwa amevinunua kwa kupima na kiatu kimoja cha zamani cha Kamugisha kilichobaki uvunguni, maana Maandiko yanasema baba aliagiza mwana avikwe vazi jema, pete kidoleni na viatu miguuni. Pete alisema ni mambo ya Wazungu, lakini viatu ni viatu. Njia nzima ya kuteremka mjini watu walicheka lile koti, wengine kwa heshima na wengine bila. Mimi nilivaa gauni langu la kanisani. Nilivikumbatia vile viatu na kumwomba Mungu mambo mawili yasiyopatana: ashuke, nimwone, na asishuke, maana akishuka chumba ni chake na fungu ni lake na mimi nitarudi kuwa mtoto wa Kishanda aliyekuja kujifunza cherehani.

Meli ikafunga. Walishuka kina mama na mabeseni, wanafunzi na masanduku ya bati, askari, watawa, mtu mwenye baiskeli begani. Ta Zakaria alisimama mbele kabisa penye kamba, amenyooka, mikono imetulia pembeni, na kila kijana aliyetokea mlangoni mwa meli alimfanya asogee kidogo. Abiria wakaisha. Wapakizi wakaanza kupandisha mikungu ya ndizi, na sisi bado tumesimama, tunawapisha. Mmoja akamuuliza kwa Kihaya kama yeye ni mchungaji wa mazishi. Hatimaye Ta Zakaria alinigeukia akasema, "Bila shaka hakupata nafasi melini." Tukapanda kurudi Nyanga, naye hakuvua koti mpaka alipofika chumbani. Ma Eliseba alikuwa ametoka barabarani kutupokea. Alituona tuko wawili, akageuka akaingia jikoni, na jioni alifunga fungu kama kawaida. Nyasi ziliachwa sakafuni mpaka zikakauka na kugeuka vumbi.

Mwaka wangu uliisha muda mfupi baadaye. Niliondoka na cheti cha mdomo, kwamba sasa ni fundi, na nikalia kwenye basi mpaka Muleba. Mwaka uliofuata nilirudi kumzika Ta Zakaria. Nilikuwepo walipomkalisha Josia kwenye kiti cha baba yake kama desturi inavyotaka, na mzee mmoja wa ukoo akachukua lile koti jeusi nyuma ya mlango akamwekea mabegani, akasema, "Kuanzia leo huyu ndiye Zakaria. Wadogo zake watamwita tata." Watu wakatazamana, maana mdogo alikuwa mmoja tu na hakuwepo. Koti lilikuwa dogo kwake. Josia alikaa nalo mpaka watu walipotawanyika, kisha akalikunja akaliweka juu ya kabati. Msumari aliuacha ulivyokuwa, na picha hakuigusa, miaka yote hii, hata alipopaka nyumba rangi. Alipaka kuuzunguka.

Basi Jumamosi ya mwezi uliopita tulimzika Ma Eliseba kibanjani, kando ya mumewe, na mchana tukawa tumekaa chini ya turubai uani. Pikipiki ikasimama barabarani ikateremsha mzee mwenye begi dogo. Alisimama pale njia inapoingilia ua na hakusogea. Nilimtazama kama nilivyomtazama kila mtu, kisha nikatazama chini nikaona viatu vyake. Vilikuwa vya zamani lakini vimepigwa rangi mpaka vinang'aa, viatu vya mtu anayevishughulikia kila asubuhi. Nyuma yangu mama mmoja akamwita mamaye kwa Kihaya, "Mawe! Ni Kamugisha." Hapakuwa na mawimbi ya nywele, alikuwa na upara. Moyo wangu, ambao una umri wa bibi, ulinidunda kijinga.

Hakuna aliyeinuka, kwa sababu kwetu hakuna anayempokea mtu kabla ya mwenye nyumba. Wote tukamtazama Josia. Josia alimtazama mdogo wake, kisha akasimama, akaingia ndani na kufunga mlango. Watu wakaanza kunong'ona, na mzee mmoja karibu yangu akasema, "Ana haki." Kamugisha naye aliona mlango ukifungwa. Alilihamisha begi kwenye mkono mwingine, akageuka nusu. Nilitaka kumwita, lakini mimi si mwenye nyumba na sijawahi kuwa.

Mlango ukafunguliwa. Josia alitoka amevaa koti la Ta Zakaria. Mikono ilimwishia karibu na viwiko, mgongoni lilivutika, na ule mkia wa nyuma ulikuwa umeliwa na nondo. Kwingine pote watu wangecheka. Aliteremka ngazi za baraza polepole, maana magoti yake si mazuri, akapita katikati ya viti vyetu mpaka pale njiani. Kamugisha alilitazama lile koti na uso wake ukavunjika. Alipiga magoti kwenye vumbi, mzee mzima, akasema neno ambalo desturi ilikuwa imemngojea alitamke tangu siku ile ya kiti. "Tata."

"Inuka," alisema Josia. "Unachafua suruali." Lakini yeye ndiye aliyemwinua, na hakuuachia mkono wake mpaka sebuleni.

Waliniita niingie kwa sababu nilikuwa mtu wa nyumba ile, Josia alisema hivyo, na kwa sababu ninajua misumari. Niliutikisa. Umeota kutu, lakini umeshika. Josia alilifungua lile lubugo mezani, limekakamaa limechukua umbo la fremu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaiona picha ya nne. Ngazi na nguzo nyeupe. Kijana amepiga magoti, peku. Na baba akiteremka ngazi, mikono amenyoosha, amevaa koti jeusi fupi mbele na refu nyuma, limepasuliwa kama mkia wa mbayuwayu, kola imesimama. Nikakumbuka ule mlango uliokuwa ukifungwa kila Ta Zakaria alipokwama kwenye kukata. Josia alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya kioo kuanzia kona hadi kona, akitafuta. "Kaka yake hayumo," alisema. Kisha akatazama mikono ya koti aliyokuwa amevaa, akaitazama picha tena, akakohoa. Akaitundika mwenyewe.

Nilikwenda jikoni. Mke wa Josia hakuwa na haja ya kuelezwa, fungu lilikuwa kando ya mafiga ndani ya jani, kwa maana Ma Eliseba alikuwa amemrithisha na hilo. Nilimwekea Kamugisha mbele yake. Alipofungua, mvuke ukamfikia usoni. Akauliza, "Mlijuaje kuwa nitakuja leo?"

"Hatukujua," nilisema. "Limewekwa kila siku."

"Nani alikuwa akilila?"

"Mwaka mmoja nililila mimi."

Alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayeuliza huyu ni nani, akala kidogo. Kisha akasema, akimwambia Josia lakini akitazama picha, "Nilikuja. Ile Jumamosi ya meli. Nilimwona tangu juu, amesimama mbele ya watu na hilo koti, wanamcheka, na yeye amenyooka kama bwana arusi. Nikarudi chini nikajificha kwenye mizigo mpaka meli ikaondoka."

"Kwa nini?" aliuliza Josia.

"Sikuwa na viatu. Sikuweza kumjia peku mbele ya mji mzima."

"Viatu nilikuwa nimevishika mimi," nikasema. "Nilikuwa nyuma yake. Vilikuwa vipya, alivipima na kiatu chako cha uvunguni."

Kamugisha aliacha kutafuna. Aliinua macho kwa kaka yake, kama mtoto anayetaka kuambiwa si kweli.

"Nilivivaa mimi kanisani mpaka vikaisha," alisema Josia. "Vilinibana kila Jumapili."

Halafu Josia akacheka, na lile koti likafumuka mshono mgongoni kwa sauti tuliyoisikia wote. Kamugisha alifuta uso kwa kiganja. Kisha akalivuta jani mpaka katikati ya meza, akaligawa fungu lake sehemu tatu kwa vidole, akasukuma moja kwa kaka yake na moja kwangu. Tukala.